YAH: FOMU YENU YA BUKINGI INATUPA TIKI ZA WAGENI WANGU

Kwa Meneja,

Salaam. Nawaandikia kwa heshima na naomba mnisome mpaka mwisho, maana meseji zangu zote mmezisoma na hakuna aliyejibu.

Ya mkataba wa kunitengenezea tovuti na matengenezo yake sirudii, mliyaandika wenyewe. Shida ni ile fomu ya bukingi kwenye tovuti ya nyumba yangu ya wageni hapa Shela. Mgeni anatiki anavyotaka, boti ya kumpokea uwanja wa ndege wa Manda, safari ya magofu ya Takwa, chakula cha jioni, kufuliwa nguo, kisha anabonyeza tuma, na mimi napata kimoja tu, kile cha mwisho. Vingine havionekani kabisa.

Familia ilitiki boti, Takwa na chakula. Mimi nikaletewa chakula peke yake, nikajua boti wana yao. Samaki wa kupaka yuko jikoni na wenyewe wamesimama gatini Manda na mabegi, jua la mchana, mtoto amelala juu ya sanduku, kila boti inayokuja inachukua wageni wa wenzangu. Manda na Shela kuna bahari katikati, mtu hawezi kusema atatembea! Ikabidi nikodi boti ya dharura kwa bei aliyotaka nahodha. Na Takwa wakaikosa, kule unapita mikokoni maji yakijaa, nilipokuja kujua waliitaka maji yashakupwa na kesho asubuhi wana ndege.

Nikawapigia. Kijana wenu akanambia, "Mama, sistimu iko sawa, wageni wako ndio hawajui kutiki." Kisha akakata simu.

Hawajui kutiki? Mtoto wa dada yangu anasomea kompyuta, akafungua fomu yenu, akatiki vile vile, akanionyesha kwenye skrini kinachotoka: huduma=boti&huduma=takwa&huduma=chakula. Vyote vitatu vimetoka! Brauza hutuma kila kilichotikiwa, kisichotikiwa ndicho hakitumwi. Vinapotelea kwenu kwenye seva, ile kompyuta inayopokea fomu. Visanduku vyote mmevipa jina moja, huduma, na seva yenu ni ya PHP, lugha ya programu, ikipokea jina lile lile mara tatu bila mabano inafuta la kwanza na la pili inabaki na la mwisho. Ilitakiwa iandikwe huduma[] ipokee orodha nzima, kisha msevu orodha yote. Mabano mawili tu wallahi, ndiyo yamenitia hasara yote hii. Na kile cha kufua nguo hamkukipa thamani, yaani neno la kutumwa kikitikiwa, kinafika kimeandikwa "on". On ni huduma gani?

Nairudia ile simu kwa sababu bado inaniuma. Nilikuwa barazani, simu iko spika, na mgeni wa ile familia amekaa mbele yangu, ni mtu wa Nairobi, Kiswahili anakijua vizuri kuliko huyo kijana wenu. "Wageni wako ndio hawajui kutiki," akasikia neno kwa neno. Hakusema kitu, akatoa simu yake akanionyesha picha aliyopiga kabla ya kutuma, tiki tatu zimekaa wazi. Mimi nikainamisha macho nyumbani kwangu mwenyewe, na kijana ashakata simu kitambo.

Nataka fomu irekebishwe na mnirudishie pesa za matengenezo. Na ile boti ya dharura mlipe nyinyi. Na huyo kijana ampigie mgeni wangu amuombe radhi, si mimi, mgeni. Tena nikifikiria sioni kwa nini niwaachie pesa yoyote, rudisheni malipo yote ya tovuti, nimpe kazi mtu mwingine. Nawapa mpaka Ijumaa. Ikipita, nakwenda Mahakama ya Madai Madogo, dai langu halifiki hata karibu na ile milioni moja wanayoruhusu, na sheria ya kulinda wateja ya 2012 ninayo. Picha ya mgeni ninayo, ya skrini ninayo, na wenye nyumba za wageni wa Shela na Mkomani wote wataziona.

Ni mimi,
Mwenye nyumba, Shela, Lamu