Chumvi haivui dagaa

Mhariri,

Mimi ni mama mchemsha dagaa wa Sahare, Tanga. Juzi mtaalamu mmoja alitubandikia ukutani jedwali la Excel na grafu yake, nukta za chumvi na dagaa zikipitiwa na mstari: R ya kipeo cha pili (kipimo cha 0 hadi 1 cha jinsi mstari unavyozilingana nukta) 0.91, na kila kilo ya chumvi “inaongeza” ndoo 3 za dagaa. Nahodha mmoja akauliza, basi tukinunua gunia zima boti zijae zenyewe?

Watu walicheka, ila swali zito. Chumvi tunanunua baada ya kuona boti zimeleta nini. Usiku wa giza dagaa hufuata taa, ndoo zinajaa. Mbalamwezi ikitoka, sufuria zinalala na chumvi pia. Hiyo 0.91 inasema tu nukta zimekaa karibu na mstari. Nani kamleta nani, haisemi.

Halafu tazama mstari unapoanzia: chumvi sifuri, dagaa ndoo hasi 6. Ndoo hasi! Ina maana bahari inatudai? Hatujawahi kuchemsha bila chumvi, kwa hiyo pale mstari umejiendea tu.

Tena alipima siku tisa. Daftari langu lina miaka minne, na safu ya mbalamwezi nimeichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Hakuniuliza.

Mama Dagaa,
Sahare, Tanga