Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: ngazi si darasa, lakini madarasa yamefungwa

Kwa Naibu Chansela,
Nairobi.

Mheshimiwa Profesa,

MINT: MAFUNZO YA JIONI KWA WANAFUNZI WA MWAKA WA KWANZA

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne katika chuo unachokiongoza. Sitakitaja jina, maana wewe unakijua, na shida yenyewe si ya chuo kimoja. Kila Jumanne na Alhamisi jioni hufundisha kalkulasi kwenye ngazi za jengo letu, kati ya orofa ya pili na ya tatu, kwa sababu taa ya pale haizimwi. Ubao wangu ni kipande cha kadibodi. Nilianza na wanafunzi wawili. Juma lililopita walikuwa 26, askari akatutimua akisema ngazi si darasa. Hakukosea. Ila tukishuka nilihesabu madarasa saba matupu, yote yametiwa kufuli.

Nikueleze kinachotokea pale ngazini. Kijana mmoja alinipa daftari lake nilikague. Mwandiko safi, kila neno la mhadhiri limenakiliwa. Lakini kila alipokuta dy/dx kwenye zoezi, yaani alama moja inayoonyesha jinsi y inavyobadilika x ikibadilika, alikuwa amekata d ya juu kwa d ya chini, akabaki na y juu ya x. Majuma sita mfululizo! Na si kwamba hana akili; kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alipata B ya hisabati. Kalkulasi huja mwishoni mwa Kidato cha Nne, na shuleni kwao waliipitia mbiombio mtihani ukibisha hodi. Huku ukumbini wako mia tatu na ushei. Nani atainua mkono aulize d ni nini? Ngazini aliuliza. Nikamwambia alama ile huisomi vipande vipande: huwezi kukata "Nai" kwenye Nairobi na Naivasha ukabaki na "robi" juu ya "vasha". Walicheka wote, na nikagundua watatu wengine wanafuta majibu yao kimyakimya.

Najua utaniambia kila mwanafunzi amepewa mhadhiri wa kumshauri. Ni kweli, jina la wangu nililisoma kwenye ubao wa matangazo nikiwa mwaka wa kwanza. Alikuwa mhadhiri wa muda, anafundisha vyuo vitatu, akimaliza kipindi anakimbilia matatu. Simlaumu hata kidogo.

Profesa, ninachoomba si kigeni. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Missouri huko Kansas City, Marekani, kilianza utaratibu ambao baadaye ulifika hadi vyuo vya Afrika Kusini. Mwanafunzi aliyefaulu somo gumu hurudi kuketi tena kwenye mihadhara ya somo lile lile, kisha huongoza wenzake kulichambua nje ya kipindi. Kilichonivutia ni kwamba hawakuwatafuta wanafunzi dhaifu. Walitafuta masomo yanayoangusha wengi, wakafungua mlango kwa yeyote anayeyasoma. Kwetu sisi anayehitaji msaada huitwa ofisini baada ya kufeli, wakati tayari ana sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, na ameanza kujifunza kuandika mwakenya, majibu ya kuibia mtihani, kwenye paja. Mtu haendi mahali ambapo kuonekana tu ni kukiri kwamba ameshindwa.

Kuna na suala la pesa, nalo nitalisema bila kuzunguka. Wenzangu wenye vichwa vizuri zaidi hawaji ngazini. Usiku wako hostelini wakiwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, kwa malipo. Kijana wa Nairobi anamfanyia Mmarekani kazi ya nyumbani huku jirani yake wa chumba akianguka somo lile lile! Chuo tayari kina mpango wa kuwalipa wanafunzi wanaopanga vitabu maktabani na kuosha sahani jikoni. Anayefundisha naye aingizwe humo, kwa kiwango hicho hicho. Hatatajirika, lakini nauli atapata.

Tuanze na masomo matatu tu ya mwaka wa kwanza, yale ambayo orodha ya sapu hurefuka kila muhula. Idara zenyewe zinayajua. Madarasa mawili yaachwe wazi hadi saa tatu usiku. Na mhadhiri wa somo akutane na sisi nusu saa kwa juma, kwa sababu nami hukosea, na kosa langu likiingia vichwani 26 si mchezo.

Tukichelewa, hali itatatanisha zaidi. Kundi la kwanza la mtaala mpya litaingia vyuoni 2029, na wanafunzi hao watakuwa wamepitia mikondo tofauti katika sekondari ya juu. Itabidi mtu aketi nao ajue nani amefundishwa nini.

Hayo yatahitaji vikao, naelewa. Kuna moja lisilohitaji kikao: askari wa zamu ya jioni aambiwe atuache ngazini Alhamisi hii. Jaribio la kwanza la wanafunzi wangu ni Ijumaa saa mbili asubuhi.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Hisabati