Jiwe la figo halitoki kwenye mchele

"Dokta, si ule mchele wa vijiwe niliokula msibani?" Swali la namna hii tunaulizwa sana hapa kwenye maabara yetu jijini Mwanza. Wengine wanalaumu maji ya ziwa, wengine miiba ya dagaa, na mama mjamzito anayekula udongo huja na hofu mara mbili. Jibu ni hapana. Unachomeza kinapita tumboni, kinaingia utumbo, na kisichosagika kinatokea chooni. Hakuna njia ya punje ya mchanga kufika kwenye figo. Jiwe la figo linaundwa humo humo ndani, na linaundwa na mkojo wako mwenyewe.

Figo huchuja damu usiku na mchana, na katika kuchuja hutoa kalsiamu, oksaleti, fosfeti na asidi ya uriki. Maji yakiwa ya kutosha, vyote hivi vinatoka vikiwa vimeyeyuka, wala hujui. Maji yakipungua mkojo unakolea, na hapo ni kama kikombe cha chai kilichozidishwa sukari: nyingine inagoma kuyeyuka, inabaki chini. Chembe ya kwanza ikipata pa kushika, nyingine zinaidandia. Mara nyingi pa kushika ni vidoa vya kalsiamu fosfeti vinavyojijenga kwenye ncha za ndani za figo, ambavyo daktari Mmarekani Alexander Randall alivieleza mwaka 1937. Mkojo una kinga yake pia. Iliyo kubwa ni sitreti, ambayo huikamata kalsiamu kabla haijaungana na oksaleti. Mwenye sitreti kidogo hupata mawe kirahisi.

Ndiyo maana hatushangai kuwaona vijana wa bodaboda wakishika ubavu. Kutwa juani, jasho linatiririka, na maji hanywi kwa sababu hajui atajisaidia wapi kati ya Buzuruga na Igoma. Mvuvi naye anazungukwa na maji pande zote, lakini ya kunywa kwenye mtumbwi ni kidumu kimoja cha watu wanne.

Jiwe likitulia ndani ya figo linaweza kukaa muda mrefu bila kukusumbua. Balaa huanza likishuka kwenye mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, mrija wenye upana wa milimita chache tu. Maumivu yanaanza mgongoni chini ya mbavu, upande mmoja, yanashuka hadi kinenani, yanakuja kwa mawimbi na kutapika juu. Mgonjwa wa malaria hulala. Huyu hawezi kulala, kukaa wala kusimama, atazunguka benchi letu mpaka aitwe. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Likizidi milimita 10, usitegemee hilo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mjini kuna chupa za "dawa ya kuyeyusha mawe", na watu wananunua bila kujua jiwe lao ni la aina gani. Mawe hayafanani.

Ya kalsiamu ndiyo mengi, karibu 8 kati ya 10, na kati ya hayo mengi ni ya kalsiamu oksaleti. Hayayeyuki kwa dawa wala kwa ndimu. Ndimu ina sitreti, kwa hiyo inaweza kusaidia lisitokee jingine, lakini lililopo haliguswi. Oksaleti imo kwenye mchicha, karanga, viazi vitamu na chai ya rangi. Watu wakisikia "kalsiamu" wanaacha maziwa na dagaa, na hapo wanajiumiza bure: kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti ndani ya utumbo, ikatoka na choo badala ya kupitia kwenye figo. Mchicha na dagaa kwenye sahani moja ni mlo mzuri kwako. Cha kupunguza ni chumvi, maana chumvi nyingi huisukuma kalsiamu kwenye mkojo. Wapenzi wa kayabo, samaki wa chumvi, mmesikia.

Ya asidi ya uriki huwapata zaidi wenye gauti (jongo), kisukari, unene, na wanaokula nyama na maini kila siku. Mlaji wa dagaa kutwa mara tatu naye yumo. Hujengeka mkojo ukiwa na tindikali nyingi, na hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Hili ndilo jiwe ambalo dawa inaweza kweli kuliyeyusha, kwa kupunguza tindikali ya mkojo, chini ya uangalizi wa daktari.

Lakini mpe dawa hiyo hiyo, au magadi anayoshauriwa na jirani, mwenye jiwe la maambukizi, na umelilisha. Jiwe hili hutokana na bakteria kama Proteus, wanaovunja urea na kutoa amonia, na mkojo unapoteza tindikali yake. Linakua upesi na linaweza kujaza vyumba vyote vya figo hadi likaota mapembe. Mama anayetibiwa UTI, akapona, ikarudi, akatibiwa tena, apigwe picha ya figo. Bakteria hujificha ndani ya jiwe na antibayotiki pekee haiwamalizi.

La sistini, kimojawapo cha vijenzi vya protini, ni la kurithi na ni nadra. Huanza utotoni au ujanani.

Damu kwenye mkojo nayo isikufanye uamue mwenyewe. Huku kwetu inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa kichocho. Kichocho cha kibofu hupatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi ya bara, kama Misungwi na Kwimba, kuliko kwenye ziwa lenyewe, ambako kinachotawala ni kile cha utumbo. Kwa hiyo tukikuuliza ulilelewa wapi na ulikuwa unaoga wapi, usione tunakuchimba.

Sisi tunapima mkojo, kreatinini (taka inayochujwa na figo) na asidi ya uriki kwenye damu, na ultrasaundi ya figo na kibofu. Ultrasaundi huona jiwe lililo kwenye figo na figo iliyovimba, ila jiwe dogo lililokwama katikati ya mrija linaweza kuikwepa. Hapo tutakuandikia ukapige CT skani hospitali. Kwenye hadubini fuwele za oksaleti huonekana miraba midogo yenye X katikati, za sistini zina pembe sita. Ukiwa na homa na kutetemeka, au mkojo umekata kabisa, usipite kwetu. Nenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure moja kwa moja.

Ukiwa nyumbani unasubiri jiwe litoke, kojolea kwenye chujio la chai ambalo hutalirudisha jikoni. Ukiona punje ya kahawia au ya njano, ioshe kwa maji, ikaushe, iweke kwenye karatasi uilete. Tutaituma kwenye maabara kubwa ikapimwe aina. Anayekuja kwa ultrasaundi anywe maji saa moja kabla na asikojoe. Wa kipimo cha kichocho aje kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Kikopo tunatoa sisi, chupa ya soda iacheni nyumbani.