YAH: Malalamiko kuhusu pampu ya dizeli mliyoibadilisha bila kupima, na dereva wangu mliyemwita mwizi

Ndugu Meneja wa Huduma,

Kwa heshima zote, tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Nitajitahidi kueleza kwa utulivu, ingawa utulivu wenyewe umeanza kunipungukia.

Pikapu yangu ililetwa kwenu kwa shida moja: ikiwa tupu inakwenda vizuri, lakini ikipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda mlima wa Kitonga inakata nguvu, taa ya injini inawaka, na inabaki kutambaa huku malori yakiipita. Mashine yenu ya kusoma hitilafu ilitoa namba P0087, yaani shinikizo la mafuta kwenye reli, bomba linalogawa mafuta kwa nozeli, liko chini ya lile linalotakiwa na kompyuta ya gari. Mafundi wenu wakaishia hapo. Namba ile haitaji kifaa kilichokufa. Shinikizo linaweza kushuka kwa sababu filta imeziba, hewa inaingia kwenye mipira ya kuvutia mafuta, vali ya pampu inakwama, nozeli zinarudisha mafuta kupita kiasi, au pampu yenyewe imechoka. Kupima mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli kunahitaji vichupa vinne na fundi mwenye subira. Hamkupima. Mlifunga pampu mpya, mkanitoza shilingi 3,650,000, na ile ya zamani hadi leo sijaiona.

Hayo pengine ningeyavumilia. Nisichoweza kukivumilia ni kwamba msimamizi wenu wa karakana, akiwa amesimama mapokezi mbele ya wateja, aliinua chupa ya maji yenye dizeli iliyochotwa kwenye tangi langu, akamwambia dereva wangu: "Mzee, unauza mafuta ya bosi wako halafu unajazia mafuta ya taa." Nilipouliza dizeli hiyo ilipimwa wapi na nani, nilijibiwa: "Mama, haya tuachie sisi mafundi."

Gari lilikata nguvu tena palepale Kitonga, likiwa na pampu yenu mpya. Kabla ya hapo mlikuwa mmelijaribu likiwa limesimama uani, mkatangaza kwamba limepona. Injini za aina hii hufanya kazi kwa shinikizo la mafuta la baa 300 hivi zikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini zikiwa na mzigo mlimani hudai zaidi ya baa 1,000, kwa hiyo jaribio la uani halikuweza kuonyesha lolote, na ninaamini mnalijua hilo kuliko mimi.

Fundi wa kando ya barabara pale Ilula alifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, akamwambia dereva akanyage mafuta. Mapovu yakapita mfululizo. Akaufuata mpira hadi karibu na tangi, akalegeza klipu, na chini yake pakaonekana ufa. Gari langu halina pampu ndani ya tangi. Upande ule mafuta yanavutwa, hayasukumwi, ndiyo maana halikudondosha hata tone la dizeli: ufa ulikuwa unanyonya hewa. Alibadilisha mpira na klipu, akatoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na gari limepanda Kitonga na mzigo wake wote.

Narudi kwenye ile chupa, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Dereva wangu alikuwa ameshika risiti ya EFD ya kituo alikojaza mafuta. Aliinyoosha, na msimamizi wenu hakuitazama; aliiweka chupa mezani mbele yangu na kusema tena, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Mama, dereva wako anakuibia." Kijana aliyekaa jirani na dereva wangu alivuta begi lake karibu. Mtu huyu amenifanyia kazi tangu nikisafirisha mizigo kwa magari ya kukodi, na hajawahi kunipungukia hata lita moja.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai fedha ya pampu peke yake. Sasa nadai fedha hiyo yote, pamoja na gharama za ufundi, pampu yangu ya zamani irudishwe ikiwa nzima, na fidia ya vitunguu vilivyooza gari likiwa karakanani kwenu. Nadai pia msimamizi huyo amwombe radhi dereva wangu kwa maandishi, na ayasome maneno hayo palepale mapokezi.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na risiti zenu, ripoti ya mashine yenu na mpira uliopasuka ninavyo. Dereva naye atafungua shauri la kashfa kwa jina lake mwenyewe, na gharama za wakili nitazilipa mimi.

Wenu,
Mteja, Makambako