Malalamiko Kuhusu Vyuma vya Balansi Vilivyobanduka na Rimu Zilizokwaruzwa

Tanga,
14 Julai 2025.

Kwa Meneja,
Kituo cha Huduma za Matairi,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBANDUKA KWA VYUMA VYA BALANSI NA KUHARIBIWA KWA RIMU MBILI ZA MBELE

Naandika barua hii baada ya kupiga simu mara tatu na kufika kituoni kwenu mara mbili bila kupata jibu la maana. Alhamisi ya tarehe 3 Julai nilileta kwenu Subaru Impreza yangu ya buluu, ambayo naitumia kwa mazoezi ya mbio kwenye barabara za mashamba ya mkonge, ili mfanye balansi ya magurudumu yote manne, yaani kubandika ndani ya rimu vyuma vidogo vyenye gundi ili gurudumu lizunguke bila kutikisika. Kabla gari halijapandishwa jeki nilieleza mambo mawili, na mhudumu wa mapokezi akayaandika kwenye kadi ya kazi mbele ya macho yangu: kwanza, kwamba hili ni gari la mbio na breki zake za mbele hupata moto sana, pili, kwamba rimu hizo zilishawahi kubandikwa vyuma kwenye karakana nyingine, kwa hiyo gundi ya zamani iondolewe yote kabla ya kubandika vipya, na vipya vifunikwe kwa utepe wa alumini. Nililipa shilingi 80,000, na kwenye risiti kuna mstari unaosomeka “kusafisha gundi na kufunika”. Malalamiko yangu yanaanzia kwenye mstari huo.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 5 nilikwenda mazoezini. Mzunguko wa kwanza na wa pili gari lilikuwa limetulia. Katika mzunguko wa tatu, nilipofika kilomita 90 kwa saa, usukani ulianza kutetemeka, kwanza kidogo kama mtu anayetikisa meza kwa goti, kisha kwa nguvu kiasi kwamba niliona vidole vyangu vinacheza. Nilidhani tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, imelegea. Nikasimama kando, nikakagua tairodi, bolijointi na beringi, nikaosha hata matope yaliyoganda ndani ya rimu, maana najua matope peke yake yanaweza kuharibu balansi. Nilipofungua gurudumu la mbele kushoto nikakuta chuma chote cha gramu 40 hakipo. Kulia, kipande cha gramu 30 kilikuwa kinaning’inia kwa kona moja. Nilikishika kwa vidole viwili kikatoka bila ubishi wowote. Hapakuwa na utepe wa alumini, si kushoto wala kulia.

Kipande hicho ninacho hadi leo, na naomba mkitazame kabla ya kunijibu tena. Mgongoni kina povu jipya jeupe, yaani utepe laini wenye gundi, mlilobandika ninyi, na juu ya povu hilo jeupe limeng’ang’ania povu jingine jeusi, kuukuu, lenye vumbi la breki la rangi ya kutu. Yaani gundi yenu haikushindwa. Ilishika vizuri sana, ila ilishika uchafu badala ya kushika rimu, na uchafu ulipoachia ukaondoka na chuma. Ndani ya rimu, mahali kilipokuwa, pamebaki alama ya mstatili yenye mabaki meusi katikati na alumini safi pembeni, kiasi kwamba hata mtu asiyejua gari angeona mpaka kati ya povu la zamani na mahali pasipowahi kuguswa na kitambaa.

Nilipowapigia simu Jumatatu niliambiwa kwamba kasi ndiyo iliyorusha vyuma hivyo, na kwamba gari la mbio halina dhamana. Naomba nijibu hoja zote mbili, kwa sababu ya kwanza ni kosa la kifundi na ya pili si haki.

Vyuma vya kubandika hukaa upande wa ndani wa pipa la rimu, ule mduara mpana unaovalishwa tairi, vikitazama katikati ya gurudumu. Gurudumu linapozunguka, chuma husukumwa kwenda nje, na nje yake ni rimu yenyewe, kwa hiyo mzunguko hukikandamiza chuma kwenye ukuta wa rimu. Kwa tairi zangu za inchi 16, kwenye kilomita 120 kwa saa gurudumu huzunguka karibu mara 17 kila sekunde, na kile kipande cha gramu 40 husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8 na nusu. Kwenye kilomita 60 nguvu hiyo hushuka hadi robo yake, kama kilo 2 hivi. Ndiyo maana balansi ikiharibika mtu haoni kitu akiwa Ngamiani kwenye foleni, lakini akishika barabara ya Segera mikono inakufa ganzi. Kinachobandua chuma ni joto, uchafu chini ya gundi, kokoto zinazokipiga ubavuni, au kubandikwa karibu mno na kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, hata kikaguswa. Kasi peke yake hukisaidia kushika.

Kuhusu joto sibishani. Diski za mbele za gari linalokimbizwa huweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi, na joto hilo hupanda hadi kwenye pipa la rimu, ambako gundi ya akriliki hulainika chini sana ya hapo. Kokoto nazo zipo. Sikuwa kwenye lami. Lakini nilieleza mapema kwamba gari ni la mbio kwa ajili hiyohiyo, na utepe wa alumini nilioulipia kazi yake ni kurudisha sehemu ya joto hilo, kuzuia kokoto zisipate ukingo wa kuung’oa, na kukishika chuma hata gundi ikilegea. Magurudumu ya nyuma, ambayo breki zake hazifanyi kazi kubwa, yalibaki na vyuma vyake, nayo pia hayakufunikwa. Kama mlijua kwamba hamhudumii magari ya mbio, mngenirudisha siku ileile, nami nisingekasirika.

Kuna jambo dogo ambalo sikulijua wakati ule. Fundi alinihakikishia kwamba gari liko tayari “hata sasa hivi”. Baadaye nimejifunza kwamba gundi ya aina hii huhitaji hadi saa 72 kufikia nguvu yake kamili, ingawa sehemu kubwa huipata ndani ya siku ya kwanza. Laiti ningeambiwa, ningeleta gari Jumanne, wala hilo lisingegharimu kituo chenu hata senti moja.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma zaidi. Jumatano tarehe 9 nilirudi kwenu ili mrekebishe kosa, na kijana mmoja akachukua bisibisi bapa akaanza kukwangua mabaki ya gundi mbele yangu. Nilimsihi aache. Alipoona gundi haitoki akamwaga thina juu ya rimu, akasugua kwa brashi ya waya. Matokeo yake ni mikwaruzo mirefu ndani ya rimu zote mbili za mbele, na vanishi ya juu imevimba na kuchubuka kwa upana wa kiganja. Huko bara pengine mtu angesema ni ndani, hakuonekani. Hapa kwetu pwani upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ikipata mlango chini ya vanishi, alumini huanza kutoa unga mweupe unaotambaa mwaka hadi mwaka. Juu ya unga huo hakuna gundi itakayoshika tena, na tairi nayo inaweza kuanza kuvuja upepo pole pole ukifika mahali inapokalia.

Magurudumu ya nyuma niliamua kuyasafisha mwenyewe nyumbani, na naeleza nilivyofanya si kwa kujisifu, bali kuonyesha kwamba kazi hii haihitaji mitambo. Niliazima draya ya nywele ya mke wangu, nikaipasha gundi kwa dakika tatu hadi ikawa laini kama ubani uliotafunwa. Nikaisukuma kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, nikiilaza bapa. Vipande vilivyosalia nikaviviringisha kwa kidole gumba, vikajikusanya vyenyewe kama unga wa chapati mikononi. Utando mwembamba uliobaki nikaulowesha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaacha kwa dakika kumi, nikafuta. Kisha sabuni na maji ili mafuta yaondoke, kwa sababu mafuta ya taa yakibaki ni adui wa gundi mpya kuliko hata vumbi. Mwisho spiriti kwa kitambaa safi, mara mbili, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Rimu mbili zilinichukua saa moja na robo, na hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Naomba basi mnirudishie shilingi 80,000 nilizolipa, kwa kuwa kazi iliyoandikwa kwenye risiti haikufanywa. Naomba pia mgharamie kupigwa msasa na kupakwa vanishi upya rimu mbili za mbele kwa fundi rangi tutakayekubaliana, si kwa kijana yule wa bisibisi. Mhudumu wenu alinipendekezea kuoshewa gari bure kama kifuta jasho. Namshukuru kwa moyo wake, ila gari langu halikuwa na tatizo la kuoshwa. Mimi si wale wa waja leo, waondoka leo. Nimekuwa mteja wenu kwa miaka minne, na magari mawili ya familia bado yanakuja kwenu kubadilisha tairi.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipopata jibu la maandishi, nitapeleka nakala yake, pamoja na risiti, kadi ya kazi na picha tisa nilizoambatisha, kwa Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa pia jukumu la kumlinda mlaji. Ningependelea tumalizane wenyewe.

Rimu zote mbili sijazigusa tangu siku ile. Nimezifunga kwenye gunia, pamoja na kile kipande cha gramu 30 ndani ya bahasha, na fundi wenu mkuu anakaribishwa kuja kuziona nyumbani siku yoyote baada ya swala ya alasiri.

Wenu,
Mteja, mwenye Subaru ya buluu.