Barua kwa Mariamu, kabla hujawaita vijana

Mwanga, Kigoma

Mariamu mwenzangu,

Mwangaluka. Habari za Urambo? Mama hajambo, watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mvua haikatiki, dagaa wameadimika na bei unaijua. Shangazi Sperata anakusalimu na anasema asali yake bado anaisubiri. Mengine tutaongea kwenye simu, maana hili uliloniuliza juzi haliishi kwa ujumbe wa sauti.

Umesema ofisi imekukabidhi mikutano ya vijana, kata kwa kata, na barua yenyewe ina kichwa cha "uhamasishaji wa vijana kushiriki uchaguzi na maendeleo". Unauliza uanze na nini. Nakuomba usianze na uchaguzi. Usianze na kujiandikisha, wala hotuba ya umuhimu wa kura. Anza na hesabu za halmashauri yako, lile fungu la asilimia 4 ya mapato linalotengwa kwa mikopo ya vijana limekwenda wapi. Nitakueleza kwa nini, nivumilie nikirudia rudia.

Wanaopanga mikutano hii wengi wanaamini kijana hapigi kura kwa kuwa hajaelimishwa. Basi wanamletea somo. Somo hilo kijana alilimaliza kwenye Uraia shuleni. Anajua kwamba mwaka 2015 waliopiga kura walikuwa asilimia 67 ya walioandikishwa, 2020 wakashuka hadi kama 51, kisha 2025 akatangaziwa asilimia 87 na mshindi wa urais mwenye asilimia 97.66, katika uchaguzi ambao intaneti ilizimwa na watu wakauawa barabarani. Aliwasikia waangalizi wa SADC wakisema kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kuonyesha utashi wao, na wale wa Umoja wa Afrika wakisema uchaguzi haukufikia viwango vyao. Mwaka mmoja nyuma yake, Novemba 2024, aliona chama kimoja kikichukua zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji, na sehemu nyingi mgombea akiwa peke yake baada ya fomu za wenzake kukataliwa. Ukimsimamia mbele na "kura yako ni sauti yako" bila kuyagusa hayo, atatoa simu mfukoni na mkutano wako umekwisha.

Sikutumi uwe msemaji wa chama wala wa serikali. Ila swali litakuja mapema, jiandae. Sema unachokijua: ilitokea, watu walikufa, tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliundwa Novemba 2025, na zaidi ya hapo wewe huna mamlaka ya kusema. Halafu waache waongee. Tafadhali Mariamu, usimkatize kijana kwa "tuachane na siasa". Umemwita kuzungumzia uchaguzi, ataachana vipi na siasa?

Sasa hesabu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Asilimia hiyo hupigwa baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani yale yenye matumizi maalumu yaliyokwishapangwa, na hapo ndipo vijana huona wamedanganywa, kwa sababu wao wanapiga kwenye jumla waliyoisikia redioni. Waandikie ubaoni. Tuseme halmashauri imebaki na shilingi bilioni 2. Asilimia 10 ni milioni 200, fungu la vijana ni milioni 80. Kila kikundi kikipewa milioni 10, vikundi ni 8 tu. Kata zikiwa 18, kata 10 hazigusi kitu mwaka huo hata kama hakuna aliyeiba senti. Wakiliona hilo kwa macho yao, ugomvi unabadilika. Wataanza kuuliza vikundi 8 vilichaguliwa na nani, kwa vigezo gani, na waliokopa zamani wamerejesha kiasi gani, maana marejesho nayo yanatakiwa kuzunguka kwenye mikopo mipya. Hayo ni maswali ya mwananchi kamili. Uwe nayo majibu yake kwenye karatasi.

Kumbuka mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Kikundi kilichoomba wakati ule kikanyamaziwa bado kina hasira, na wengi hawakuambiwa kwamba utaratibu umebadilika. Sisi Kigoma Ujiji tumo kwenye zile halmashauri 10 zilizopangiwa kupitisha fedha benki. Nyinyi mko kwenye 174 zilizobaki, kwa hiyo usichukue maelezo ya huku ukawapa vijana wa huko. Mchukue Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata husika aje mwenyewe, na daftari lake la maombi. Vikundi vinavyoanguka huanguka mapema: vimeundwa wiki mbili kabla ya fomu, katiba imenakiliwa kwa jirani, akaunti haina muamala hata mmoja, na mradi ulioandikwa ni ufugaji wa kuku wakati wanachama wote ni bodaboda. Afisa akiwaeleza hivyo bila kuwazungusha, watamheshimu hata akiwakatalia.

Ukitoka hapo, nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hiki ndicho chombo ambacho vijana wamekiachia wazee. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji wenye miaka 18 na zaidi, ndio mamlaka ya juu ya kijiji, na unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu. Mapato na matumizi husomwa pale. Kijana aliyekata tamaa na sanduku la kura bado anaweza kumwuliza mtendaji, mbele ya watu, fedha ya ushuru wa mazao imefanya nini. Mambo matatu hukwamisha. Mkutano hauitishwi, au tangazo linabandikwa asubuhi ile ile. Taarifa inasomwa kwa jumla, "matengenezo mbalimbali", bila mchanganuo. Muhtasari hauandikwi, basi hoja ya kijana inapotea na robo inayofuata anaanza upya. Wafundishe kudai tarehe, mchanganuo na muhtasari. Hilo moja likishika katika vijiji vitatu tu vya Urambo, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko tamasha la uwanja mzima.

Nimetaja tamasha kwa sababu najua watakushauri hivyo: muziki, fulana, msanii kutoka Dar. Kataa kama unaweza. Tamasha huleta watu elfu na halileti swali hata moja. Kaa na vijana 20 au 25, pale pale kijiweni. Bodaboda wakute kuanzia saa 4 asubuhi, abiria wa sokoni na wa shule wakishapungua, na umalize ndani ya saa moja na nusu. Wa tumbaku usiwaite Februari hadi Aprili, wako mashambani na kwenye mabani ya kukaushia. Subiri masoko yafunguliwe. Huku kwetu wavuvi wa Kibirizi na Katonga hupatikana mbalamwezi ikiwa kali, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wasichana wa saluni na mama lishe wape kikao chao peke yao. Ukiwachanganya, wavulana watasema na wao watasikiliza. Posho usitangaze. Nauli ya anayetoka mbali ni haki, lakini ukitangaza posho utawapata wale wale wa kila semina. Weka viti kwa duara, na mgeni rasmi asiwepo.

Jambo jingine zito. Vijana hawatofautishi serikali na chama, na si kosa lao. Mtendaji na katibu wa tawi wakishuka kwenye gari moja, hata maneno ya Tume ya Uchaguzi yatasikika kama ya chama. Usikubali lifti ya mwanasiasa, fulana zenye rangi, wala salamu za diwani mwanzoni mwa kikao. Diwani aje kikao cha pili kujibu maswali ya kikao cha kwanza.

Na maswali hayo yaandike yote kwa mkono wako, mbele yao, uyasome kwa sauti wasahihishe, uweke tarehe. Waambie majibu yatarudi baada ya siku 14, kijiwe hicho hicho, saa hiyo hiyo. Lisilo na jibu siku hiyo, rudi useme halina na limekwama kwa nani. Mikutano ya kwanza huwa mizuri karibu kote. Kinachoua imani ni kutorudi.

Kujiandikisha weka mwisho kabisa, tena kifupi, kwa vitu vya kushika tu. Kuna daftari mbili na watu wanazichanganya. Orodha ya Oktoba 2024 ilikuwa ya serikali za mitaa, chini ya TAMISEMI, kwa uchaguzi ule tu na haikuwa na kadi. Daftari la Kudumu ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, unachukuliwa picha, alama za vidole na saini, na kadi unapewa pale pale. Aliyejiandikisha moja hayumo kwenye nyingine. Daftari la Kudumu huboreshwa mara mbili kati ya uchaguzi mkuu na mwingine. Awamu ya kwanza kabla ya uchaguzi wa 2025 ilizinduliwa hapa Kigoma Julai 20, 2024, na kila eneo lilipata siku 7, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kibarua aliyetoka Kasulu kuja kwenu kulima ameandikwa Kasulu, na siku ya kura kituo chake kiko Kasulu. Asubiri zoezi lijalo, aende kituo cha huko aliko na kadi yake ya zamani ahamishe taarifa. Asijiandikishe upya, hilo ni kosa la jinai na alama za vidole zitamtaja. Anayetimiza miaka 18 kabla ya siku ya uchaguzi anaruhusiwa kujiandikisha hata kama leo ana 17. Wa uchaguzi wa 2030 ndio hao wako darasa la saba na sekondari sasa, kwa hiyo kaa na kaka zao ukijua wadogo wanasikiliza.

Ukifika upande wa Kaliua, Ulyankulu hasa, nenda taratibu. Wako vijana waliozaliwa na wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa uraia. Ni zaidi ya watu 162,000 pamoja na wa Katumba na Mishamo. Hao ni Watanzania. Katiba ibara ya 5 inampa kila raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, lakini inaruhusu pia sheria kumzuia anayeshindwa kuthibitisha umri au uraia. Washauri watunze cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na nakala ya cheti cha uraia cha mzazi. NIDA inayotoa kitambulisho cha taifa na Tume inayotoa kadi ya mpiga kura ni taasisi mbili. Anayesubiri namba ya NIDA asijihesabu kwamba amefutwa. Usimwulize mtu asili yake hadharani. Kwetu mpakani tunajua swali hilo linavyomfunga kijana mdomo.

Watakuuliza pia kuhusu Wizara mpya ya vijana, ile ya Ofisi ya Rais iliyoundwa baada ya uchaguzi. Ipo, waziri wake ni Joel Nanauka. Lakini uwe tayari kwa jibu lao: Sheria ya Baraza la Vijana la Taifa ilipita Bungeni 2015, miaka 10 ikaisha baraza halijaundwa. Mimi nina hasira na hilo, sikufichi. Sensa ya 2022 iliwahesabu vijana wa miaka 15 hadi 35 wakawa asilimia 34.5 ya nchi nzima, zaidi ya milioni 21, na meza yao wenyewe waliyoahidiwa kwa sheria haikuwekwa. Ndiyo maana narudia: usimpe huyu kijana somo. Mpe karatasi ya mapato, mpe tarehe ya jibu.

Naogopa kitu kimoja tu kwa ajili yako. Usije ukawa uso unaolaumiwa kwa ahadi za watu wengine. Kwa hiyo nieleze: Mkurugenzi amekubali kuweka saini yake kwenye majibu ya siku 14, au ameyaacha kwako? Taarifa ya vikundi vilivyokopa umeshapewa, na ina majina ya kata? Barua ya kazi imesema elimu ya mpiga kura au elimu ya uraia? Angalia vizuri, ya mpiga kura ina utaratibu wa kibali cha Tume. Nani mwingine anakwenda nawe, yule kaka wa Usoke bado yupo ofisini? Bajeti inatosha kurudi mara ya pili kila kata, au wamekupa mafuta ya mzunguko mmoja? Kama ni mmoja, punguza kata ubaki na nusu, uende mara mbili. Utaweza kuwaambia hivyo?

Nijibu kabla hujapanga tarehe ya kwanza.

Akupendaye,
Editha