Kiraka chako cha tatu

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Masanja,

Mwangaluka. Huku wote wazima. Mama anakusalimu, na anauliza meli itakuleta lini kutoka huko Bukoba.

Viraka vyako vitano (mabadiliko ya msimbo unayopendekeza) vya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, nimevisoma vyote, mstari kwa mstari. Umeniuliza kwa nini nimekaa navyo wiki nzima wakati ni kazi ya kupanga nafasi kwenye mistari ya msimbo tu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu: kiraka cha usafi ndicho kinachonifanya niwe macho zaidi. Draiva mpya (programu ya kuendesha kifaa) ya mistari elfu tatu kila mtu ataikodolea macho. Hiki kidogo kinafika watu wamechoka, wanasoma "hakuna kilichobadilika", wanakipitisha.

Cha kwanza na cha pili ni safi. Niliendesha git diff -w, amri inayoonyesha tofauti bila kuhesabu nafasi, haikutoa kitu. Nikajenga kerneli kabla na baada, nikalinganisha faili za .o zinazotokana na ujenzi huo, zikalingana baiti kwa baiti. Vitume.

Cha tatu ndicho kilichoninyima usingizi. Kwenye maelezo umeandika "kurekebisha mtindo", lakini katikati ya mistari uliyoisogeza kuna mmoja ambapo umeitoa udelay(20) ukaweka usleep_range(20, 40). Najua wazo hilo ulikolitoa: checkpatch, programu inayokagua mtindo wa viraka, ndiyo iliyokushauri. Masanja, hapo hujapanga nafasi, umebadilisha kazi yenyewe. udelay huifanya prosesa izunguke palepale hadi mikrosekunde 20 ziishe. usleep_range huilaza kazi, prosesa ikampa mwingine zamu. Sasa panda mistari kumi na moja juu: kuna spin_lock, yaani kufuli linalomfanya mwingine asubiri akizunguka hadi lifunguliwe. Mwenye kushika kufuli hilo haruhusiwi kulala, maana anayelisubiri naye anazunguka tu, na mashine inaweza kuganda kabisa. checkpatch imeuona mstari, kufuli haikuliona. Halafu kadi yenyewe inayoendeshwa na draiva hii huna, nami sina. Nani atakuja kuthibitisha kwamba bado inafanya kazi?

Kosa hilohilo nililifanya kwenye kiraka changu cha kwanza. Mtu asiyenijua kabisa alikaa akaniandikia aya tatu kunielewesha. Nilinuna siku mbili, kisha nikazisoma tena taratibu, na hadi leo namshukuru. Ndiyo maana nami sikutaka kukujibu kwa neno moja.

Cha nne ni jambo dogo. Ule ujumbe wa kosa umeukata vipande viwili ili mstari usizidi herufi 80. Uunganishe. Mtu akiuona kwenye kumbukumbu za mashine yake, ataunakili na kuutafuta kwenye msimbo kwa amri ya grep, na ukiwa umekatwa hataupata. Tena tangu 2020 checkpatch haipigi kelele mpaka mstari upite herufi 100, ingawa 80 bado ndiyo inayopendelewa.

Cha tano naomba ukiache. Vile vya mwanzo viko ndani ya drivers/staging, mahali palipotengwa tangu 2008 kwa draiva ambazo bado hazijaiva, na huko mwanafunzi anakaribishwa kufagia. Draiva inayoguswa na hiki cha tano iko nje, imekomaa, na watu wanaitegemea. Ukiisogeza mistari yake bila sababu, kesho rekebisho la hitilafu ya kweli litakataa kuingia kwenye matoleo ya zamani, na mtu itabidi alichonge upya kwa mkono. Na anayetafuta kwa git blame nani aliandika mstari na kwa nini, atakutana na jina lako na maneno "kupanga nafasi".

Basi cha tatu kigawe: mpangilio ubaki peke yake, na udelay irudi ilivyokuwa. Nitumie kabla ya Jumamosi, maana Jumapili navuka kwenda Ukerewe kwa shangazi, na nataka nikijenge mwenyewe kabla sijaondoka.

Wako,
Bahati